Tanzania inaweza kuidai China fidia ya korona? Jibu kwa kijana wa boti, Pangani

Kijana mmoja wa Pangani kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mi nina boti, nilikuwa napeleka wageni kisiwa cha Maziwe. Desemba 2019 nikachukua mkopo benki nikanunua injini mpya na majaketi ya kuokolea, Machi 2020 wageni wote wakakansel. Benki ikanidai hivohivo, Februari 2021 wakaja kuichukua injini. Juzi nimesikia jimbo moja la Marekani limeishinda China mahakamani mabilioni ya dola kwa ajili ya korona. Kwa nini na sisi Tanzania tusiidai China? Na mi binafsi naweza kuingia kwenye kesi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole yangu sio ya mdomoni, mwaka ule nilikuwa naingia Pangani karibu kila mwezi kwa kesi moja ya shamba, nikisubiri kivuko cha kwenda Bweni nilikuwa naziona zile boti zimepinduliwa ufukweni, moja kuku walishaifanya banda wanataga chini yake, na mwenyewe kakaa pembeni anashona wavu wa mtu mwingine kwa ujira. Sikujua kama ni wewe au mwenzio.

Mi nimefanya uwakili hapa Tanga miaka mingi, sehemu kubwa madai ya mizigo bandarini, na sheria ya kimataifa nimeifundisha, kwa iyo swali lako nalijua upande wa kitabu na upande wa mtu anayetaka hela yake. Nisikuzungushe: wewe binafsi huwezi kuidai China. Tanzania kama nchi hoja inayo, sio kubwa kama watu wanavodhani ila ipo, tatizo hakuna mahakama ya kuipeleka. Na hata ingekuwepo mi nisingeshauri tuanzie huko, nitakueleza kwa nini, maana hapo ndo moyo wangu ulipo.

Tuanze na hiyo kesi uliyoisikia. Ni jimbo la Missouri. Walifungua Aprili 2020, wakaishitaki China kwa mambo mengi kwa pamoja, kwamba ilificha ugonjwa, kwamba maabara ya Wuhan ilizembea, kwamba ilihodhi barakoa na vifaa vya kujikinga wakati dunia nzima inavitafuta. China haikutokea mahakamani hata siku moja. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikayatupa madai yote ikabakisha moja tu, lile la kuhodhi vifaa, na Machi 2025 jaji akatoa hukumu ya upande mmoja, zaidi ya dola bilioni 24. Sasa hapo angalia vizuri. Kilichoshinda sio "mmetuletea korona". Kilichoshinda ni habari ya barakoa, kwa sababu kununua na kuuza ni biashara, na biashara ndo moja ya mianya michache ambayo sheria ya Marekani ya 1976 inaruhusu nchi ya kigeni ishitakiwe kwenye mahakama zao. Yale mengine yote yaligonga kinga.

Kinga maana yake nini? Mwenyekiti wa mtaa wa Makorora hawezi kumweka kikao mwenyekiti wa Chumbageni akamhukumu, wote ni wenyeviti, hakuna aliye juu ya mwenzie. Nchi nazo hivohivo, mahakama ya nchi moja haimhukumu mwenzie kwa mambo ya kiserikali, na hata ukipata hukumu, kukaza hukumu, yaani kuipata hela yenyewe, ni safari nyingine kabisa, ubalozi haukamatwi, akaunti ya ubalozi haiguswi. Kwa iyo ukienda Mahakama Kuu hapa Tanga na boti yako ukamshitaki China, hati yako haitavuka hata masjala.

Sasa nchi kwa nchi. Hapo sheria ipo na imenyooka: nchi ikivunja wajibu wake wa kimataifa na uvunjaji huo ukasababisha hasara, inatakiwa ifidie hasara yote. Mahakama ya dunia ilishalisema hilo tangu 1928, na mwaka 2001 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ikaliandika vizuri kwenye vifungu. Swali linabaki, wajibu gani umevunjwa?

Na hapa watu wengi wanakosea, hata kwenye baraza za kahawa kule Ngamiani nawasikia. Ugonjwa kuanzia kwako sio kosa. Nyumba zetu za makuti unazijua, moto unaweza kuanzia jikoni kwa mtu yeyote, cheche imeruka, upepo wa kusi, basi. Hakuna mzee wa mtaa atakayemtoza mtu kwa sababu jiko lake ndo lilianza. Ila kama aliuona moto akafunga mlango, akawaambia watoto nyamazeni majirani wasijue, mpaka paa la pili na la tatu yakashika, hapo ana kesi ya kujibu. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 ndo zinasema hivyo, kifungu cha 6, nchi ikishatathmini tukio linaloweza kuwa hatari kwa dunia iiarifu WHO, Shirika la Afya Duniani, ndani ya saa 24, halafu iendelee kutoa taarifa kwa wakati na kwa ukweli. China imo kwenye kanuni hizo, na sisi tumo.

Je, China ilifunga mlango? Kuna mambo ya wazi. Tarehe 3 Januari 2020 daktari wa macho wa Wuhan, Li Wenliang, aliitwa polisi akasainishwa karatasi ya onyo kwa kuwatahadharisha madaktari wenzake kwenye grupu lao. Mwezi uliofuata akafa kwa ugonjwa uleule. Baadaye serikali yao wenyewe ikalifuta lile onyo na kuiomba radhi familia. WHO ilipata habari za nimonia ya Wuhan tarehe 31 Desemba 2019, mpangilio wa vinasaba vya kirusi ukatoka hadharani Januari 11, lakini kwamba kinaambukiza mtu kwa mtu wakaja kulithibitisha hadharani tarehe 20 Januari. Zile wiki tatu, mwanangu, ndo moyo wa hoja yote. Sio popo wala soko, na sio maabara pia, maana hilo la chanzo mpaka kamati ya wataalamu ya WHO ya Juni 2025 bado imesema taarifa zinazohitajika kutoka China hazijatolewa, na nadharia zote ziko mezani. Huwezi kuomba fidia kwa kitu ambacho hujakithibitisha. Kuchelewesha kunathibitika.

Lakini sasa piga hesabu kama ningekuwa nakutetea bandarini. Mzigo umeloa, mi nadai mwenye meli, swali la kwanza la mwenye bima ni, umeloa kwenye meli au umeloa kwenye ghala lenu baada ya kushushwa? Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Tanzania, Machi 16, 2020, aliingia kutoka Ubelgiji. Sio China, Ubelgiji. WHO ilikuwa imeshatangaza dharura ya kimataifa tangu Januari 30, na jopo huru lililoongozwa na mama Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia na Helen Clark wa New Zealand lilisema mwaka 2021 kwamba Februari 2020 ulikuwa mwezi uliopotea, nchi nyingi zilikaa kusubiri zione itakuwaje. Wakili wa China atasimama aseme, hizo wiki tatu ni zangu, haya hizo wiki sita zinazofuata za nani? Na atageuka kwetu. Mwanzoni mwa Mei 2020 sisi tuliacha kutoa takwimu, namba ikabaki 509 na vifo 21, na Februari 2021 mkuu wa WHO akatusihi hadharani tutoe taarifa. Silisemi hili kumsuta mtu, nimezika ndugu kipindi kile kama wengine wengi, nalisema kwa sababu anayedai fidia lazima aje na mikono ambayo yuko tayari kuionyesha.

Halafu mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague haimuiti mtu kwa nguvu, nchi lazima iwe imekubali, na China haijatoa tamko la kukubali. Kuna kamlango kadogo, katiba ya WHO kifungu cha 75 kinasema mgogoro kuhusu katiba hiyo unaweza kwenda The Hague, lakini wajibu wa saa 24 uko kwenye kanuni, sio kwenye katiba, na kanuni zenyewe zinasema mkigombana mzungumze, mkishindwa mpelekeeni mkurugenzi mkuu, usuluhishi ni kwa aliyeukubali tu. Neno fidia humo halimo. Waliozitunga hawakusahau, nchi hazikutaka kujifunga.

Nisikukatishe tamaa kwamba nchi hazilipi kabisa. Zinalipa. Jirani zetu hapa, Kongo iliishitaki Uganda mwaka 1999 kwa uvamizi, ikashinda 2005, halafu ikasubiri mpaka Februari 2022 ndo mahakama ikapanga kiasi, dola milioni 325, zilipwe milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Miaka 23 hiyo, na Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya mahakama. Iraki nayo iliilipa Kuwait na wengine dola bilioni 52.4, ikamaliza 2022, hela ikikatwa moja kwa moja kwenye mauzo ya mafuta, ila hiyo ilitoka Baraza la Usalama baada ya Iraki kushindwa vita, na China ina kura ya turufu kwenye Baraza hilohilo. Sudan mwaka 2020 ilitoa dola milioni 335 kwa ajili ya wahanga wa ugaidi, wakiwemo wa mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar ya 1998, kwa sababu ilitaka kutolewa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Umeona? Analipa aliyekubali mahakama, au aliyepigwa, au anayehitaji kitu kutoka kwako. Sisi China tunaihitaji zaidi kuliko inavotuhitaji. Rais wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yale ya Maji Maji, akainamisha kichwa, watu walilia, fidia hakuna. Na hapo hakuna anayebisha nani aliua nani.

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni Haiti. Oktoba 2010 kipindupindu kiliingia nchi ambayo haikuwa nacho, kikitokea kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, maji taka yaliingia mtoni, watu wakawa wanakunywa mto huo. Walikufa kama elfu kumi. Hapo kila kitu kilikuwepo, chanzo kinajulikana, mto una jina, uzembe uko wazi. Wahanga wakaenda mahakamani New York, kesi ikatupwa kwa kinga, rufaa nayo ikatupwa 2016. Desemba mwaka huo Katibu Mkuu akaomba radhi, ukaahidiwa mfuko wa dola milioni 400, na iliyopatikana ikawa sehemu ndogo tu. Kama mama wa Haiti aliyemzika mtoto hakulipwa kwa ushahidi ule, mi nitakudanganyaje wewe kwamba boti yako italipwa?

Sasa lile la tatu nililosema, kwa nini nisingeshauri tuanzie huko. Fikiria tungefanikiwa, tukaweka sheria kwamba nchi ambayo ugonjwa umeonekana kwake ndo itadaiwa na dunia. Kesho mganga mfawidhi wa zahanati ndogo Handeni au Lushoto anaona wagonjwa watatu wanatoka damu, homa haisikii dawa. Anapiga simu wilayani. Unadhani simu hiyo itapokelewaje, ikiwa kila anayeipokea anajua kwamba kulitaja tu jina la ugonjwa ni kuifungulia nchi deni la mabilioni?

Wala sio mambo ya kufikirika. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi wetu, wa Kenya, Uganda na Msumbiji sababu ya kipindupindu, ingawa WHO ilisema hatari ya kukipata kupitia samaki hao ni ndogo, viwanda vya minofu vya Ziwa Victoria vikasimama. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana wakaigundua Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, wakaitangaza haraka, kwa uwazi, kama kanuni zinavotaka, na kesho yake tu ndege zikafungwa kwa kusini yote ya Afrika. Walisema kweli wakaadhibiwa papohapo. Hata jina la homa kubwa ya 1918, watu wanaiita ya Kihispania kwa sababu Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yaliandika, ya wenzake yalifungwa mdomo. Aliyesema ndo akabebeshwa jina! Na kwetu Kagera, Januari 2025, WHO ilisema ugonjwa wa Marburg unashukiwa, wizara ikasema vipimo havikuuonyesha, siku chache baadaye Januari 20 Rais akasimama Dodoma pamoja na mkuu wa WHO akathibitisha. Mi siku ile nilishukuru Mungu, kwa sababu naijua gharama ya kuthibitisha, wageni wanakansel, ndege zinasita, na wa kwanza kuumia ni watu kama wewe wenye boti.

Kwa iyo mi ningeipeleka hiyo hasira yako sehemu nyingine. Unajua Tanzania ilipataje hela za korona? Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitupa dola milioni 567, ile trilioni 1.3 unayoisikia, yakajengwa madarasa elfu 15, na hapo Pangani yamo, wanao wamekaa humo. Ule ni mkopo. Tumepigwa na janga ambalo hatukulianzisha halafu tumekopeshwa ili tuinuke, tunalipa sisi. Hilo ndo linaniuma, na hilo linaweza kudaiwa kwenye meza ya mazungumzo bila kumthibitishia mtu kosa. Benki ya Dunia iliwahi kuuza hatifungani za milipuko mwaka 2017, kama bima, ila masharti yalikuwa marefu mno, hela, karibu dola milioni 196, zikatoka Aprili 2020 zikagawanywa nchi 64, yaani dunia imeshafungwa tayari. Tunachotakiwa kupigania ni mfuko unaomlipa aliyesema mapema, hela itoke ndani ya siku chache, ifike mpaka kwa aliyefungiwa soko lake, na tajiri achangie zaidi. Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025, baada ya kura ya kamati ambapo nchi 124 zilikubali, hakuna iliyopinga, 11 hazikuegemea popote, umegusa habari ya fedha na ya kugawana chanjo, lakini fidia kwa anayejitangaza haujaifikia. Wanaotuwakilisha huko wanatakiwa waulizwe, na mbunge wako ana kiti cha kuuliza.

Turudi kwenye injini yako, maana kesi yako ya kweli mi naona haiko Beijing, iko kwenye makaratasi yako. Uingereza wenye baa na mikahawa hawakuidai China, waliyafungua mabuku ya bima zao wakaenda mahakamani, na Januari 2021 Mahakama yao ya Juu ikaamua wengi walipwe. Kama injini au boti ulikuwa umeikatia bima, itafute hiyo hati ya bima, angalia kama kuna kifungu cha biashara kusimama.

La pili na ndo kubwa. Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza itazipa mabenki unafuu wa kikanuni kwa kupanga upya mikopo ya waliopigwa na korona, kila mteja kwa hali yake. Wewe ulienda kuomba? Kama ulienda, uliandika barua au uliongea na afisa mikopo kwa mdomo pale dirishani? Walikujibu nini? Notisi ya siku ngapi walikupa kabla ya kuja ufukweni na gari, na injini waliuza kwa bei gani, kwa mnada uliotangazwa au kimyakimya? Nimeshawaona wateja wawili wa hapa mjini ambao benki haikuwahi kuwaonyesha hesabu ya mauzo, na salio la deni likaendelea kusomeka vilevile kama hakuna kilichouzwa.

Nitumie picha za vitu vitatu, mkataba wa mkopo kurasa zote pamoja na zile za maandishi madogo, notisi, na taarifa ya akaunti kuanzia Machi 2020. Lile daftari lako la buking usilitupe, hata kama limeloa chumvi, kila jina la mgeni aliyekansel na tarehe yake ni ushahidi kwamba uliacha kulipa kwa sababu na sio kwa ujeuri. Ila fanya haraka, madai ya mkataba kwa sheria yetu ya ukomo ni miaka sita, wewe injini ilichukuliwa Februari 2021, kwa iyo ikifika Februari 2027 mlango huo nao unafungwa.